Miligramu 11 zilizozidi: jinsi argoni ilivyopatikana

Mwalimu wa kemia wa sekondari mkoani Kigoma ameniandikia: "Nikifundisha jedwali la elementi, wanafunzi wananibana kwenye safu ya mwisho. Chuma wanakishika, salfa wanainusa, klorini ina rangi. Argoni haina rangi, haina harufu, na haiungani na kitu. Mtu aliyekaa maabara ya chuo kikuu alijuaje kwamba ipo? Alijuaje kuwa ni elementi na si mchanganyiko wa gesi nyingine? Na je, vyuo vyetu vinaweza kugundua elementi leo?"

Mwalimu, wanafunzi wako wamegusa penyewe. Wakemia wakubwa wa Ulaya waliuliza maswali hayo hayo mwaka 1895, tena kwa ukali kuliko darasa lako. Vitabu vya shule humaliza habari kwa sentensi moja, kwamba William Ramsay aligundua argoni mwaka 1894. Wengine huongeza kuwa ilikuwa bahati. Mimi sikubaliani na neno hilo. Argoni ilipatikana kwa sababu mtu mmoja alikataa kupuuza tofauti ya miligramu 11, akaitangaza hadharani kabla hajajua maana yake.

Mtu huyo hakuwa Ramsay. Alikuwa Lord Rayleigh, mwanafizikia aliyeongoza maabara ya Cavendish ya Chuo Kikuu cha Cambridge kuanzia 1879 hadi 1884, kisha akarudi kufanya utafiti katika maabara aliyokuwa nayo nyumbani kwake Terling, Essex. Hakuwa akitafuta elementi. Alitaka kujua kama uzito wa atomi za elementi zote ni mara kamili ya uzito wa atomi ya haidrojeni, wazo lililokuwa limewasumbua wakemia tangu mwanzo wa karne ile. Ili kulipima wazo hilo alihitaji densiti za gesi kwa usahihi wa hali ya juu. Akapima haidrojeni, akapima oksijeni, kisha akaingia kwenye naitrojeni.

Hapa naomba usimame kidogo na wanafunzi, maana kila kitu kinategemea namna ya kupima. Rayleigh alichukua tufe la kioo la ujazo wa lita 1.8 hivi. Alilitoa hewa yote kwa pampu, akalipima. Akalijaza gesi kwa joto na kanieneo anavyovijua, akalipima tena. Tofauti ndiyo uzito wa gesi. Ukisikia hivi unaona kazi nyepesi, lakini gesi yenyewe ilikuwa gramu mbili na kidogo tu ndani ya kioo kizito, na hewa ya chumbani inaliinua tufe kama maji yanavyouinua mtumbwi. Hewa hiyo ikibadilika joto au unyevu, hesabu imeharibika. Kwa hiyo upande wa pili wa mizani alitundika tufe jingine la ujazo uleule, lililozibwa, ili yale yote ambayo hewa ya chumba inalifanyia la kwanza ilifanyie na la pili. Hata hapo hakuridhika. Tufe lililotolewa hewa hubanwa na kanieneo ya nje likasinyaa kiasi kidogo mno, na kusinyaa huko nako alikupima akakuingiza kwenye hesabu.

Sasa naitrojeni. Kuna njia mbili za kuipata. Ya kwanza ni kuichukua hewani: unapitisha hewa juu ya shaba iliyopashwa moto hadi kuwa nyekundu, shaba inakamata oksijeni, unaondoa unyevu na kaboni dioksidi, na kinachobaki unakiita naitrojeni. Ya pili ni kuizalisha kutoka kwenye kampaundi, kwa mfano amonia. Rayleigh alitumia zote mbili kwa sababu hakuwa na tabia ya kuamini njia moja. Mara ya kwanza, naitrojeni ya amonia ilikuwa nyepesi kuliko ya hewani kwa sehemu moja hivi katika elfu.

Tofauti ya namna hiyo wengi wetu tungeiita kosa la upimaji na kuandika wastani. Rayleigh alifanya kinyume, akatafuta jinsi ya kuikuza. Aliona kwamba katika jaribio lake la amonia sehemu kubwa ya naitrojeni ilikuwa bado inatoka hewani, kwa sababu alikuwa akiiunguza amonia kwa hewa. Akabadilisha, akatumia oksijeni safi ili naitrojeni yote itoke kwenye amonia. Tofauti ikapanda hadi sehemu moja katika mia mbili. Kosa la mkono haliongezeki kwa utaratibu kiasi hicho. Tarehe 29 Septemba 1892 jarida la Nature likachapa barua yake fupi, akieleza kuwa matokeo haya yamemtatiza, na akiwaomba wakemia wanaosoma jarida hilo wampe mawazo kuhusu chanzo chake. Mwanasayansi mwenye jina kubwa, mbele ya watu wote, anasema hesabu zangu hazikubaliani, nisaidieni. Kwangu mimi barua ile ina uzito sawa na tangazo lolote la ugunduzi.

Hakukaa kusubiri majibu. Alishuku kwamba gesi ile nyepesi imechanganyika na haidrojeni. Akaingiza haidrojeni makusudi kwenye naitrojeni nzito, akaona kwamba usafishaji wake unaiondoa yote. Alishuku kwamba molekuli za naitrojeni ya amonia zimevunjika na kuwa atomi moja moja. Akaihifadhi gesi hiyo miezi minane akaipima tena, densiti ikawa ileile. Akabadilisha vyanzo. Kwa naitrojeni ya hewani alitumia shaba ya moto, chuma cha moto na kampaundi ya chuma isiyohitaji moto. Tufe likatoa gramu 2.3103, 2.3100 na 2.3102. Kwa naitrojeni ya kampaundi alipata 2.3001 kutoka oksidi ya naitriki, 2.2990 kutoka oksidi ya naitrasi, na 2.2987 kutoka amoniamu naitraiti. Waandikie wanafunzi namba hizo ubaoni bila maelezo yoyote, uwaache waziangalie. Kila kundi limeshikamana lenyewe kwa lenyewe, na kati ya makundi hayo mawili kuna pengo la miligramu 11 hivi.

Ramsay anaingia hapa. Alikuwa profesa wa kemia University College London, mtu wa mikono hodari, aliyejitengenezea mwenyewe vyombo vyake vingi vya kioo. Aprili 1894 Rayleigh alitoa mhadhara Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kuhusu namba zake, na baada ya mhadhara wakazungumza. Wakemia wengi walielekeza macho kwenye gesi nyepesi, wakidhani ndiyo yenye kasoro. Ramsay aliona kasoro inaweza kuwa upande wa pili: labda naitrojeni ya hewani inabeba gesi nyingine nzito. Akaomba ruhusa ya kulifuatilia, na Rayleigh akakubali. Wakaanza kuandikiana barua, kila mmoja akimweleza mwenzake alipofikia.

Njia ya Ramsay ilikuwa ya kuchosha kuliko ya kushangaza. Magnesiamu ikipata moto mkali huila naitrojeni. Alichukua naitrojeni ya hewani akaipitisha juu ya magnesiamu ya moto, akairudisha, akaipitisha tena, siku baada ya siku. Ujazo ukawa unapungua na densiti inapanda: kutoka 14 ya naitrojeni, ukihesabu haidrojeni kuwa 1, hadi karibu 15, kisha 16, kisha kupita 19. Mwisho kikabaki kiasi kidogo cha gesi ambacho magnesiamu haikuweza kukigusa.

Rayleigh kwa upande wake alifufua jaribio la mwaka 1785. Henry Cavendish, tajiri mpweke aliyefanya kemia nyumbani kwake London, alikuwa amepitisha cheche za umeme kwenye hewa iliyochanganywa na oksijeni, akazifyonza gesi zilizoundika, akarudia mpaka kikabaki kiputo kimoja kisichopungua. Akaandika kwamba hakizidi sehemu moja katika 120 ya naitrojeni aliyoanza nayo. Kiputo kile kilikaa kwenye maandishi zaidi ya miaka mia moja, kila mkemia aliyesoma angeweza kukiona. Rayleigh akarudia cheche zile kwa vyombo vikubwa zaidi, akapata gesi ileile aliyoipata Ramsay kwa magnesiamu.

Tarehe 13 Agosti 1894, kwenye mkutano wa wanasayansi wa Uingereza uliofanyika Oxford, walitangaza kwamba hewa ina gesi mpya. Leo tunajua ni asilimia 0.93 ya hewa kavu. Katika kila pumzi unayovuta, argoni ni nyingi kuliko kaboni dioksidi zaidi ya mara ishirini.

Nije kwenye swali la pili la wanafunzi wako, maana ndilo gumu zaidi. Kupata gesi isiyoungana na kitu hakutoshi kuiita elementi. Mtu anaweza kusema ni naitrojeni ya namna nyingine, kama ozoni ilivyo oksijeni ya atomi tatu. Na kweli Dmitri Mendeleev, mwenye jedwali lake, aliona hiyo inawezekana, kwamba huenda ni naitrojeni ya atomi tatu. Ungemjibu nini?

Jibu la kwanza lilitoka kwenye mwanga. Mwaka 1860 na 1861 Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, walionyesha kwamba kila elementi ikipashwa moto hutoa mistari yake ya rangi, isiyofanana na ya elementi nyingine, ukiitazama kupitia spektroskopu, chombo kinachotawanya mwanga katika rangi zake. Kwa chombo hicho waligundua siziamu na rubidiamu. Kwa siziamu walilazimika kuchemsha tani 40 hivi za maji ya chemchemi ya madini, ila mistari ya buluu ilikuwa imewaambia mapema kwamba ipo. Gesi ya Ramsay ilipotiwa kwenye mrija na kupitishwa umeme, William Crookes alihesabu mistari mingi, myekundu na ya buluu, isiyolingana na ya gesi yoyote inayojulikana.

Jibu la pili lilitoka kwenye sauti, na ningependa kila mwalimu wa fizikia alitumie. Spidi ya sauti ndani ya gesi inategemea jinsi gesi inavyogawa joto linaloingia. Molekuli ya atomi mbili hutumia sehemu ya joto kujizungusha. Atomi iliyo peke yake haina pa kulipeleka isipokuwa kwenye mwendo wa moja kwa moja. Uwiano unaotokana na tofauti hiyo, ambao ndio unaoamua spidi ya sauti, ni 1.4 kwa gesi kama naitrojeni, na 1.67 kwa gesi ya atomi moja moja. Gesi hutiwa kwenye mrija wenye unga mwepesi sana, mrija unasuguliwa hadi utoe sauti, na unga unajipanga vilima vidogo. Umbali kati ya kilima na kilima ndio unaotoa urefu wa wimbi, na kutoka hapo unapata spidi ya sauti na uwiano ule. Argoni ilitoa namba iliyokaribiana kabisa na 1.67. Kabla ya hapo mvuke wa zebaki ndio uliojulikana kutoa namba ya namna hiyo.

Ona maana yake. Ikiwa chembe za gesi hiyo ni atomi moja moja, haiwezi kuwa naitrojeni ya atomi tatu. Haiwezi kuwa kampaundi, kwa kuwa kampaundi inahitaji angalau atomi mbili. Na kwa kuwa densiti yake ni karibu 20 kwa kipimo cha haidrojeni, ambayo molekuli yake ina atomi mbili, uzito wa atomi yake unakuwa karibu 40. Namba hiyo ilizua ugomvi mpya, kwani potasiamu ni 39 na argoni inatakiwa kukaa kabla yake kwenye jedwali. Ugomvi huo ulitulia baada ya 1913, Henry Moseley wa Chuo Kikuu cha Manchester alipoonyesha kwa eksirei kwamba elementi hupangwa kwa chaji ya kiini na si kwa uzito. Argoni ni 18, potasiamu ni 19, na uzito unaweza kupishana.

Mwaka uliofuata tangazo la Oxford, Ramsay alipata taarifa kwamba mkemia wa Marekani, William Hillebrand, aliwahi kuchemsha madini ya urani kwenye asidi akapata gesi isiyoungana na kitu, akaichukulia kuwa naitrojeni. Ramsay alidhani itakuwa argoni. Machi 1895 alinunua madini aina ya kleveiti, akayachemsha na asidi ya salfa, akatazama mwanga wa gesi iliyotoka. Kulikuwa na mstari wa manjano uliong'aa, karibu na mistari ya sodiamu lakini si penyewe. Akampelekea Crookes mrija, naye akajibu kwa telegramu: mstari uko kwenye nanomita 587.49. Mstari huo wanaastronomia waliuona kwenye mwanga wa jua tangu 1868, na Norman Lockyer alikuwa ameupa elementi isiyoonekana duniani, akaiita heliamu. Muda mfupi baadaye, bila kutegemea kazi ya Ramsay, Per Teodor Cleve na Nils Langlet wa Chuo Kikuu cha Uppsala waliipata kwenye madini yaleyale wakapima na uzito wa atomi yake.

Ramsay sasa alikuwa na gesi mbili, moja ya 4 na nyingine ya 40, na jedwali likimwonyesha nafasi tupu katikati na nyingine chini. Mei 1898 William Hampson, aliyebuni mashine ya kugeuza hewa kuwa kimiminika, alimletea hewa ya namna hiyo. Ramsay na msaidizi wake Morris Travers waliiacha mililita 750 ivukize polepole mpaka zikabaki 10 tu. Mabaki hayo wakayasafisha kwa shaba na magnesiamu ya moto, zikabaki mililita 26 hivi za gesi. Kwenye spektroskopu ukatokea mstari wa manjano na wa kijani ambao haukuwa wa argoni wala wa heliamu. Ilikuwa kriptoni. Wiki chache baadaye walichukua argoni, wakaigeuza kimiminika, na safari hii wakakusanya kile kinachoruka kwanza. Walipowasha umeme, mrija ulitoa mwanga mwekundu mkali ambao hawakuhitaji hata spektroskopu kuutambua kuwa mgeni. Hiyo ni neoni. Julai wakapata zenoni, iliyo chini ya sehemu moja katika milioni kumi ya hewa. Elementi tatu katika miezi mitatu, jengo moja la chuo.

Nisikufiche kwamba majira yaleyale walitangaza na elementi ya nne, metargoni, ambayo haipo. Spektra yake ilitokana na uchafu wa kampaundi ya kaboni. Waliochunguza upya walionyesha hivyo, na jina likafutwa. Waambie wanafunzi habari hii pia, kwa sababu inaonyesha kwamba mistari ya mwanga peke yake haitoshi. Densiti, sauti na mwanga vinapaswa kusema jambo moja. Mwaka 1904 Rayleigh alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia na Ramsay ya kemia.

Umeuliza kuhusu vyuo vikuu. Si kweli kwamba elementi zote zilipatikana huko. Carl Scheele alikuwa mfamasia, Cavendish alifanyia nyumbani, Humphry Davy alitenga sodiamu na potasiamu katika Royal Institution, ambayo si chuo kikuu. Ila kuanzia katikati ya karne ya 19 chuo kikuu kikapata kitu ambacho mfamasia hakuwa nacho: watu wa fani mbalimbali chini ya paa moja, vijana wa kufanya kazi ndefu ya kurudia, na haki ya kushughulikia swali lisilo na faida ya haraka. Baadaye kikaongeza mashine. Mwaka 1937 Emilio Segrè na Carlo Perrier wa Chuo Kikuu cha Palermo waligundua teknesiamu ndani ya kipande cha molibdenamu kilichotoka kwenye mashine ya kurusha chembe ya Berkeley, California. Berkeley yenyewe ikawa kiwanda cha elementi, kuanzia neptuniamu na plutoniamu miaka ya 1940 na 1941, hadi nyingine zikabeba majina ya mji na jimbo lake.

Kwa vyuo vyetu, nikujibu bila kuzunguka. Elementi zinazopatikana kiasili duniani zimekwisha kujulikana. Zilizobaki zinatengenezwa kwa kugonganisha viini vya atomi, kazi inayohitaji mashine zilizopo katika nchi chache kama Urusi, Ujerumani, Japani na Marekani. Elementi ya 117 ilihitaji miligramu 22 za berkeliamu zilizoandaliwa Oak Ridge, Marekani, zikasafirishwa hadi Dubna, Urusi, zikapigwa kwa kalsiamu siku 150, na tangazo la 2010 lilihusu atomi sita. Anayetaka kushiriki leo anaingia kwenye ushirika wa nchi nyingi, na hakuna sababu ya mwanafunzi wa Kigoma kutokuwa humo. Lakini peke yake chuo kimoja, popote kilipo, hakifiki.

Hata hivyo gesi hizi za Ramsay zina kazi kwetu ambayo wanafunzi wako wanastahili kuijua. Argoni ya hewani karibu yote ni isotopu ya 40, yaani aina ya atomi zake zenye uzito wa 40, nayo imetokana na potasiamu-40 iliyomo kwenye miamba, inayooza polepole mno: nusu yake huisha baada ya miaka bilioni 1.25, na takriban sehemu moja katika kumi ya inayooza hugeuka argoni. Hiyo ndiyo sababu argoni ina uzito kuliko potasiamu iliyo jirani yake. Lava ikiwa bado uji, argoni hutoroka. Ikiganda, argoni mpya hunaswa ndani ya fuwele na saa inaanza kuhesabu. Mwaka 1959 Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, katika Bonde la Olduvai, mume wake Louis alikadiria umri wa miaka laki sita hivi. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima argoni kwenye majivu ya volkano ya tabaka lile wakapata miaka milioni 1.75. Historia ya binadamu ikarudi nyuma karibu mara tatu, kwa gesi ambayo wakemia wa 1890 walikuwa wakiiandika "naitrojeni".

Heliamu nayo inatengenezwa ardhini kwa namna inayofanana, urani na thoriamu zinapooza. Ndiyo maana Ramsay aliipata ndani ya madini ya urani. Mwamba wa kale sana wa katikati ya Tanzania umeikusanya kwa muda mrefu kupindukia, na joto la Bonde la Ufa linaifungua. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54 za heliamu katika bonde la Rukwa. Rukwa si mbali na kwako. Gesi hiyo ikiwa kimiminika ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini.

Ukitaka darasa liiguse argoni bila maabara, rudi kwenye namba za Rayleigh. Gawanya 2.3102 kwa 2.2990, zidisha kwa 28.01 ambayo ni uzito wa molekuli ya naitrojeni, unapata 28.15 hivi, wastani wa mchanganyiko. Toa 28.01, gawanya kwa tofauti ya 39.95, ambayo ni argoni, na 28.01. Jibu ni asilimia 1.14 ya argoni ndani ya "naitrojeni" ya hewani, na kwa kuwa "naitrojeni" hiyo ni asilimia 79 ya hewa, argoni inakuwa asilimia 0.90 ya hewa. Wasizungushe desimali mapema, watapoteza kila kitu. Kisha warudie kwa 2.2987 badala ya 2.2990, kwa sababu 2.2990 ninayoitumia hapo juu, mbali na kuwa namba ya oksidi ya naitrasi, ndiyo pia wastani wa vipimo vyote vya Rayleigh vya naitrojeni ya kampaundi, vikiwemo ambavyo sikuvitaja, na wastani huo unavutwa juu na ile 2.3001 ya oksidi ya naitriki, iliyojitenga kidogo na wenzake. Watapata asilimia 0.93.